Machozi ya Lhazom

Watu wa filamu mimi nawajua kwa sahani zao. Nimewapikia miaka na miaka, Paro, Haa, Bumthang, kote huko milimani kwetu, kwenye baridi ya kupasua midomo, na mbele ya mpishi hakuna anayeweza kujificha. Shujaa anayeokoa kijiji kizima kwa upanga wa mbao anafukia nyama chini ya wali ili mwenzake asiione. Mwimbaji wa nyimbo za mapenzi anatema mate mekundu ya tambuu karibu na ndoo yangu ya maji safi, halafu anauliza kama chai imeiva. Ukitaka kumpenda mwigizaji, mwenzangu, mtazame ukiwa kwenye kiti cha sinema, na uishie hapo hapo.

Mmoja tu nilimpenda, nikaolewa naye. Nobgay. Nchi nzima inamjua, maana katika filamu zake zote alikuwa mtumishi mjinga wa nyumba ya tajiri, yule anayetupiwa kiatu akakwepa, akatupiwa upawa akakwepa, akatupiwa sufuria akakwepa, kisha anageuka kuwacheka waliomkosa na kujigonga kichwa mlangoni. Watoto wa Thimphu walikuwa wakimrushia maganda ya machungwa barabarani ili tu wamwone akikwepa. Naye hakuwanyima. Alikwepa mpaka magoti yakachoka.

Basi mapafu yakamshinda. Alfajiri moja alikohoa, akaniomba chai, na chai ilipofika hakuwa na haja nayo tena.

Kwetu maiti haliliwi. Mtu akifa, roho yake haijui bado kwamba imetoka. Inazungukazunguka chumbani, inasikia, inaona, inatafuta njia. Chozi la aliyempenda linamwangukia kule njiani kama mvua ya mawe, naye badala ya kwenda anageuka kutazama nyuma, akageuka tena, mpaka anapotea. Nilifundishwa na mama, mama alifundishwa na mama yake. Kwa hiyo nilimwosha mume wangu macho makavu, nikasaidia kumvika kitambaa cheupe macho makavu, tukamweka kwenye chumba cha madhabahu nyuma ya pazia. Mbele yake nikaweka meza ndogo: taa za siagi, sahani ya wali na pilipili kwa jibini, kikombe cha chai, na tambuu niliyoikunja kwa mkono wangu, chokaa kidogo, kama alivyopenda. Koo lilikuwa linaniuma kwa kumeza kilio. Lakini nilimeza.

Tulikuwa tunamsubiri lama, mkuu wa watawa, aje kumsomea na kumwonyesha njia. Barafu ilikuwa imefunga barabara kule juu mlimani Dochula, akatuma salamu kwamba atafika mchana. Mpaka afike, amri zilikuwa mbili: Nobgay asiguswe, na Nobgay asililiwe.

Nilikuwa jikoni nikikatakata pilipili, shemeji yangu Phuntso akaingia mbio. Huyu ni mdogo wake Nobgay, karani, mtu mwema, ila akiona gari refu mgongo wake unapinda wenyewe.

"Shemeji, wamekuja!"

"Kina nani?"

"Wa filamu. Wangpo mwenyewe. Na Lhazom, shemeji! Nyota mwenyewe yuko uani kwetu!"

"Wafukuze."

"Ala! Mgeni wa msiba hafukuzwi."

"Mgeni wa msiba anakuja na mchele na siagi ya taa. Hawa wameleta nini?"

Phuntso akachungulia dirishani.

"Wameleta… ule mwavuli mweupe. Wa kupigia picha."

Nikatupa kisu ubaoni. Lakini alisema kweli, mlango wa msiba haufungwi, hata kwa mbwa. Nikajifuta mikono, nikatoka.

Wangpo ni mwongozaji. Ana tumbo lililomtangulia kila mahali, na chini ya gho yake ya hariri, joho letu la wanaume, alikuwa amevaa viatu vyeupe vya michezo. Kuingia nyumba ya maiti na viatu vya michezo! Akanishika mikono yote miwili.

"Mama Chhimi. Tumepoteza nguzo."

"Nguzo? Kwenye filamu zako alikuwa mjinga wa nyumba."

"Ndiyo, nguzo ya vichekesho, mama. Sasa tumekuja kumpa heshima yake. Kipande kifupi tu cha kumkumbuka. Lhazom anamuaga baba yake wa sanaa, basi. Kitoke leo leo, maana watu wanauliza. Na Jumamosi filamu yetu mpya inaanza, mzee yumo mle kidogo, watu watakuja kwa heshima yake."

Kumbe! Waliosema kufa kufaana hawakukosea. Nobgay alikohoa tangu majira ya mvua mpaka theluji, na Wangpo hakuleta hata chungwa moja. Leo amefika na mwavuli.

"Lama hajafika," nikamwambia. "Haguswi, haliliwi. Mkitaka kusimama kimya na kuwasha taa, karibuni. Mkitaka mengine, mlango ni ule mliopitia."

"Tutakuwa kimya kabisa, mama. Hutatusikia."

Wakaingia. Watawa wawili walikuwa wamekaa chini wakisoma, na mmoja wao alipomwona Lhazom akapoteza mstari, akaanza ukurasa upya. Wangpo akachuchumaa mbele yao kama yuko kazini kwake.

"Waheshimiwa, hapo mnaposoma ni pazuri. Ila sauti chini kidogo. Nikinyoosha kidole, mnapandisha. Sawa?"

Jamani! Anawaongoza watawa! Nikamtazama Phuntso, Phuntso akatazama dari. Kijana wao wa mwavuli akasogeza meza ya Nobgay ukutani, eti inaziba. Taa moja ya siagi ikazimika. Nikaiwasha. Akaisogeza tena. Na wakati nimeinama kuiwasha mara ya pili, nikasikia mtu anatafuna juu ya kichwa changu. Nikainua macho. Wangpo alikuwa na tambuu shavuni. Tambuu ya Nobgay haikuwepo tena mezani.

"Hiyo ni ya marehemu," nikasema.

"Ah, mzee hawezi kuninunia kwa moja, mama. Sisi tulikuwa tunagawana kila siku."

"Mlikuwa mnagawana yake. Yako sijawahi kuiona."

Akacheka kwa mdomo mwekundu. Kisha akaangalia kidole chake chenye chokaa, akatafuta pa kupangusia, akapangusa kwenye pazia. Pazia lile lile ambalo mume wangu alikuwa nyuma yake. Mstari mweupe ukabaki pale.

Ndipo Lhazom akanijia. Lazima niseme kidogo juu ya huyu binti. Alikuja mjini kutoka mashariki akiwa hajui hata kufunga kira, vazi letu la wanawake, vizuri, na katika filamu yake ya kwanza alishindwa kulia. Mwongozaji wa siku ile alimtukana mpaka ng'ombe wa jirani waliinua vichwa. Nobgay akamchukua nyuma ya lori, nilipokuwa nikimenya viazi, akatoa mfukoni kikopo cha dawa ya mafua, ile ya kupaka kifuani yenye harufu ya kafuri. Akachovya kidole kidogo, akampaka chini ya jicho. "Geukia pembeni kama unaona haya," akamwambia, "paka, hesabu moja mbili, geuka. Machozi yako ya kweli usiyatumie kazini, mwanangu. Utayahitaji nyumbani." Binti akalia siku ile mpaka wapiga picha wakapiga makofi. Msimu mzima alikula kwenye chungu changu akiniita mama. Alipopata jina, akapata na mpishi mwingine. Tangu Nobgay aanze kukohoa hakuwahi kukanyaga kwetu.

"Mama," akaninong'oneza. Akanikumbatia bila uso wake kunigusa, poda isitoke. Manukato yake yaliua harufu ya ubani wote mle ndani.

"Umechelewa, mwanangu."

"Kazi, mama. Unajua kazi zetu."

"Najua. Nimezipikia."

Wangpo akapiga makofi mawili madogo. "Haya. Lhazom, unapiga magoti hapa. Pazia liwe wazi kidogo, tuone kitambaa cheupe. Mama Chhimi, wewe simama pale, na ukiweza kutoa chozi, hata moja tu..."

"Wewe Wangpo una wazimu?"

"Usipolia watu watasema hukumpenda."

"Watu gani? Wa nchi gani hao wasiojua kwamba maiti haliliwi?"

"Mama, siku hizi watu wanatazama tamthilia za Kikorea. Wanataka kuona hisia."

Sijamaliza kufungua mdomo, Lhazom akavuta pazia. Kijana akainua simu. Na yule binti akapiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwenye msiba wowote wa kwetu tangu nizaliwe.

"Baba! Baba umeniacha na nani!"

Akajitupa. Akamwangukia Nobgay magotini, yale magoti mabovu, paji la uso juu ya kitambaa, mabega yakitikisika. Nikaona chozi linamtoka, linateremka shavuni, linadondoka juu ya cheupe. Na jingine.

Sikumwona tena Lhazom wala Wangpo. Nilimwona Nobgay njiani, peke yake, amevaa lile koti lake lililotoboka kiwiko, mvua ya mawe inampiga usoni, naye anageuka. Anageuka kwa sababu amesikia mtu anamwita baba. Hatukujaliwa mtoto mimi na yeye. Hajawahi kuitwa baba na mtu akakataa kugeuka.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mwacheni aende! Toa mikono yako! Nobgay, usigeuke!"

"Kata!" akasema Wangpo. "Mama, sauti yako imeingia. Na ilikuwa nzuri sana, masikini. Lhazom, mpenzi, tena. Mara hii anza kutoka mlangoni."

Na Lhazom akainuka. Akainuka hivi hivi, kama mtu aliyeinama kuokota sindano akaiona. Akashika nywele zake.

"Zimekaaje nyuma?"

"Safi. Ila shavu la kushoto limekauka."

Akageukia ukutani kama anaona haya. Mkono ukaingia kwenye mkono wa koti lake, ukatoka, kidole kidogo kikapita chini ya jicho. Kule kugeuka nilikujua. Nilikuona nyuma ya lori, na viazi mapajani.

Nikaenda kwa Nobgay. Sikumgusa. Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia kitambaa. Pale chozi lilipodondoka palikuwa na doa, na doa halikuwa la maji. Lilikuwa la mafuta, linang'aa kidogo. Likanuka kafuri.

Nikamfuata Lhazom, nikamshika mkono, nikanusa kidole. Kafuri tupu.

"Mama, tafadhali, wanarekodi."

"Warekodi. Nijibu neno moja tu, na usinidanganye, maana leo hiyo ndiyo roho yangu yote. Katika yale uliyomlilia, limo hata tone moja la kweli?"

Akamtazama Wangpo. Wangpo akatafuna.

"Nakuuliza wewe, si yeye! Limo?"

"Halimo, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nilijaribu njia nzima kwenye gari. Sikuweza."

Nikacheka. Nicheke nini, hata mimi sijui, lakini nilicheka mpaka nikashika ukuta, na watawa wakaacha kusoma. Ile dawa ya Nobgay! Alimfundisha mwenyewe. Kama asingemfundisha, au kama huyu binti angekuwa na moyo wa kumpenda japo kiasi cha kijiko, leo mume wangu angepotea njia.

"Asante, mwanangu," nikamwambia. "Nakushukuru sana. Alikulisha, akakufunza, akakuita mwanawe, na wewe hukumpenda hata chembe. Umemsaidia. Bila hivyo ungemharibia safari."

Nilidhani atakasirika. Nilitaka akasirike. Badala yake nikaona pua yake inaanza kuwa nyekundu. Mdomo wa chini ukaanza kucheza, ukawa mbaya, ukapinda upande mmoja. Lo! Kwenye filamu hajawahi kupinda mdomo hivyo. Kafuri haipindi mtu mdomo.

"Toka!" nikamwambia. "Toka nje! Toka kabla hujaanza!"

"Mama, mimi…"

"Usiseme! Meza! Meza hapo hapo!"

Nikamsukuma. Phuntso akanishika kiwiko, "Shemeji, shemeji, huyu ni Lhazom!" nikamsukuma na yeye. Tukapita jikoni, nikachukua upawa njiani, sikumbuki kuuchukua, na nikamtoa yule binti mlangoni kwa mgongo wa mkono. Nikageuka. Wangpo alikuwa anatufuata na simu yake ameinua, anatabasamu.

"Hii ndiyo hisia, mama! Hii hii! Endelea!"

Nikamrushia upawa. Ukampata katikati ya kifua, puu, na mchuzi ukamrukia mpaka kidevuni. Mtu ametengeneza filamu na Nobgay miaka yote ile na hata kukwepa hajajifunza.

Akatoka akipangusa hariri yake na kunilaani. Lhazom alikuwa ameketi kwenye ngazi za mawe karibu na kuni, na sasa alikuwa analia. Analia kweli, mdomo wazi, kamasi zinashuka, sauti haina hata utamu wa kusikiliza. Wangpo akasimama mbele yake. Akainua simu, akatazama kwenye kioo chake, akaishusha.

"Futa uso, Lhazom. Umevimba, picha haitoki. Twende, ile ya kwanza inatosha."

Ptu! Nilitema mate kizingitini, kwenye nyumba yenye maiti, na sijuti. Sikwenda kumfariji binti. Nilifunga mlango, nikaweka na gogo, ile sauti isipenye ndani.

Kipande chao kilitoka mtandaoni siku hiyo hiyo. Ile ya kwanza, na yowe langu limekatwa. Phuntso alinionyesha watu walivyoandika: kuna wachache waliouliza kwani huyu hajui maiti haliliwi, lakini wengi walisema Lhazom ana moyo wa dhahabu. Jumamosi ukumbi ulijaa, nasikia wengine walikaa chini. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kwamba aliyemlilia mume wangu alimwokoa kwa kutokuwa na moyo?

Turudi siku ile ya mwavuli: lama alifika mchana, matope mpaka magotini, mzee mwembamba mwenye kikohozi chake mwenyewe. Akanywa chai, akaingia, akakaa na Nobgay muda mrefu. Alipotoka alikuwa ametulia, nami nikajua kazi imekwenda vizuri. Lakini akaniuliza.

"Mama, kuna doa kwenye kitambaa. Nani amelia?"

Nikamweleza yote, mpaka kikopo.

"Chozi la dawa ni maji ya jicho tu," akasema. "Halina mtu ndani. Linalomrudisha marehemu ni la yule anayemtaka arudi."

"Na la moshi, lama? La pilipili?"

"La pilipili nalo ni maji tu."

Halafu akanitazama, na akaendelea kunitazama, nami nikatazama chini. Akainua macho kwenye paa letu, ambako pilipili zangu za mwaka mzima zilikuwa zimeanikwa, nyekundu juu ya theluji.

"Kesho watakuja wengi kumsindikiza," akasema. "Watakula nini?"

"Sijapika, lama."

"Basi pika, mama. Ila jiko liwe mbali kidogo na chumba chake."

Nikapanda paa mwenyewe. Nikajaza kapu. Nikapanga mafiga nyuma ya nyumba, kule chini kwenye mtufaha, nikabandika sufuria kubwa ya kupikia watu wa filamu, nikatia mafuta, na yalipoanza kutoa moshi nikamwaga kapu zima. Jirani akafunga madirisha. Mbwa wakakimbia. Phuntso akaja ameziba pua kwa pindo la gho yake, anakohoa.

"Shemeji, unatuua! Pilipili zote hizo za nani?"

"Ondoka hapa, shemeji. Napika."

Akaondoka. Nikainama juu ya sufuria, uso mzima ndani ya moshi, nikaacha koo langu lifunguke.

"Ni pilipili, Nobgay," nikamwambia. "Usigeuke, baba, ni pilipili tu hizi. Na ukiona tone linakuja ambalo si la pilipili, likwepe. Kukwepa si ndiyo kazi yako?"